Kadi za majina ya radiolojia ya dharura: nunua, kisha uzipange upya

Pakiti hii ya kadi, inayouzwa kwa shilingi 2,500 katika duka dogo la vitabu vya udaktari hapa Nairobi, imekusudiwa wanafunzi wa utabibu, maafisa wa kliniki na wataalamu wa eksirei ambao zamu ya usiku huwakuta wakisoma picha bila daktari wa radiolojia kando yao. Upande mmoja wa kila kadi una picha, na upande wa pili una jina la mvunjiko, ugonjwa au dalili, pamoja na maelezo mafupi kumhusu mtu aliyeliachia jina hilo. Nimezitumia kufundishia wanafunzi walio chini yangu, nami naziona zinafaa, ingawa si kwa sababu iliyotangazwa kwenye kasha lake.

Kasha linaahidi historia, na kwa kweli historia ipo. Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko wa karibu na kifundo cha mkono mwaka 1814, miaka 81 kabla Wilhelm Röntgen hajagundua eksirei, kwa hiyo aliutambua kwa kutazama umbo la mkono na kuupapasa tu. Robert Jones naye alivunjika mfupa wa tano wa wayo akicheza dansi, akauandikia makala mwaka 1902. Wanafunzi huzipenda hadithi hizi, na sina ugomvi nazo, lakini abiria wa bodaboda aliyegongwa Juja Road hana haja ya kujua Jones alicheza dansi gani.

Kadi zilizonishawishi ni zile ambazo jina lake linakutuma ukatafute jeraha la pili. Ile ya Monteggia haiishii kusema kwamba ulna, mfupa wa mkono wa chini ulio upande wa kidole kidogo, imevunjika, bali inaagiza kwa herufi nzito uchore mstari katikati ya radiasi, mfupa mwenzake wa upande wa kidole gumba, na kuhakikisha unapita kwenye kapitelamu, ile sehemu ya mviringo kwenye ncha ya chini ya mfupa wa mkono wa juu. Usipopita, kichwa cha radiasi kimetenguka, na mtoto aliyefungwa plasta kwa ajili ya ulna peke yake atarudi baadaye na mkono usiokunjika sawasawa. Galeazzi ni kinyume chake, radiasi ikiwa imevunjika na kiungo chake na ulna kule chini kikiwa kimeachana. Kadi ya Maisonneuve ndiyo bora kuliko zote: mgonjwa analalamikia kifundo cha mguu, ilhali fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, imevunjika juu karibu na goti, mahali ambapo picha ya kifundo haifiki, na kwa hiyo kadi inamtaka msomaji apapase mguu wote kabla ya kujaza fomu ya kuombea picha.

Kadi ya Böhler ingestahili sifa hizo hizo, maana inaeleza vizuri pembe ya mfupa wa kisigino, ambayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 20 na 40, na kwamba ikipungua chini ya 20 kuna uwezekano mkubwa mfupa umebonyea. Haisemi lolote, hata hivyo, juu ya uti wa mgongo. Katika jiji hili ambamo vijana wa mjengo huanguka kutoka ghorofani na kutua kwa visigino, kishindo kikapanda hadi mgongoni, kuacha kumkumbusha msomaji aangalie pingili za kiunoni ni upungufu mkubwa.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni mpangilio wa kialfabeti. Leo Rigler alieleza mwaka 1941 jinsi kuta za utumbo zinavyoonekana pande zote mbili, ndani na nje, pale hewa inapovuja na kujaa tumboni, na mara nyingi mgonjwa wa namna hiyo anahitaji upasuaji wa haraka. Demetrius Chilaiditi, mwaka 1910, alikuwa ameeleza hali ambayo utumbo mpana huingia kati ya ini na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ukaonekana kama hewa hiyo hiyo iliyovuja, kumbe mikunjo ya utumbo bado inaonekana ndani yake na pengine mgonjwa hana shida yoyote. Kadi hizi mbili zilipaswa kulala ubavuni kwa ubavu, lakini alfabeti imezitupa huku na kule. Isitoshe, hakuna onyo kwamba jina la Rigler hutajwa pia kwa utumbo ulioziba kwa kijiwe cha nyongo, hewa ikiwa imeingia kwenye mirija ya nyongo. Mwanafunzi akiandika “Rigler” tu kwenye ripoti, daktari wa upasuaji atalazimika kupiga simu kuuliza ni Rigler ipi.

Uchapishaji nao umepwaya. Bonde la Hill-Sachs kwenye kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, pale begani, linaonekana wazi, lakini kadi ya Rigler katika pakiti yangu ni nyeusi kiasi kwamba ukuta wa utumbo hauonekani kabisa, hata ukiinua kadi dirishani. Fungua kasha ukiwa bado dukani na uikague kadi hiyo kwanza, kwa kuwa muuzaji hubadilisha pakiti zenye picha zilizofifia ila hapokei iliyokwisha kuandikwa kalamu.