Trekta la Mtumba Mwanza: Wingi Wake Sokoni Unasema Nini Kuhusu Chapa?

Tafuta trekta lililotumika Kanda ya Ziwa, dalali wa kwanza atakuonyesha Massey Ferguson. Wa pili, Massey tena. Hapo wanunuzi hugawanyika. Yupo anayesema yanauzwa mengi kwa sababu ni mazuri na kila mtu analo. Yupo anayeguna: mbona wote wanayauza, kuna nini? Wote wawili wanahesabu idadi, na idadi peke yake haitoshi. Tazama umri wa matrekta yanayouzwa, kisha ujue mwenyewe anauza kwa nini.

Chapa ambayo sokoni ina trekta la miaka arobaini, la miaka ishirini na la miaka mitano, yote yanawaka na yote yana mteja, imeshajieleza. Lakini ukikuta chapa ambayo kila kinachouzwa kina miaka mitatu au minne, saa chache za kazi, rangi bado inang'aa, anza kuuliza. Huenda tatizo ni mkopo: mkulima wa Kwimba alikopa, bei ya pamba ikaanguka au mvua ikakata Januari, mkopeshaji akachukua chombo. Hilo si kosa la trekta, na ndipo mnunuzi mwenye fedha taslimu anapopata mali safi. Wauzaji wakiwa hawana deni lolote na bado wanaliachia mapema, nenda kwa fundi, usiende kwa dalali. Fundi atakutajia kifaa kinachokufa.

Na chapa isiyouzwa kabisa? Dalali atasema wenye nayo hawaiachii. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba yaliyoingia nchini yalikuwa machache, au yamelala chini ya miembe bila magurudumu. Pita Misungwi na Magu uchungulie nyuma ya nyumba. Matrekta mafu nayo ni sehemu ya ugavi: mabovu kumi ya chapa yako yakiwa karibu ni stoo ya spea, mradi yawe yanakatwa na kuuzwa vipande. Yakiwa yamekaa miaka bila hata mtu kuja kufungua difu (gia za ekseli ya nyuma), maana yake hakuna trekta zima linalohitaji spea zake.

Yapo pia matrekta ambayo wingi wake hausemi lolote kuhusu chapa. Matrekta madogo ya Japani ndiyo mfano bora. Wastani wa umri wa wakulima kule umepita miaka 65. Mzee anastaafu, watoto wako mjini, trekta linauzwa likiwa na saa chache. Uingereza nako mashamba yamekua, wakulima wakahamia mashine kubwa, na matrekta ya hosipawa 50 hadi 80 yakaingia minadani. Aliyeliuza hakuwa amechoka nalo, lilikuwa dogo kwa shamba lake.

Sasa orodha. Nampangia mtu wa pamba, mahindi, dengu na mpunga, anayelima chake kisha akalimia wengine kwa malipo ya ekari, kwa sababu trekta linalolima shamba la mwenyewe tu huku kwetu ni nadra kurudisha fedha.

1. Massey Ferguson

MF 240 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu kwa luseni, ardhi nyepesi ya kichanga. MF 290, 375 au 385 za silinda nne kama unaingia mbuga, yaani udongo mweusi mzito, na plau la diski tatu. Kiwanda cha Massey cha Coventry, Uingereza, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini Millat ya Pakistan na TAFE ya India zimeunda modeli zilezile kwa miaka mingi, kwa hiyo spea hazikukatika. Ndiyo sababu utakuta la mwaka 1978 likiuzwa pembeni ya la juzi, na fundi wa kijijini anayafungua yote bila kitabu.

Ubaya wake unatokana na sifa hiyohiyo. Kwa kuwa linauzika, ndilo linalopakwa rangi. "Kaka, hili limetoka Uingereza mwezi jana," utaambiwa, na stika mpya zimebandikwa juu ya boneti iliyochomelewa. Soma namba kwenye kibati, ilinganishe na kadi ya usajili. La Pakistan si baya hata kidogo, ila usililipie bei ya Coventry. Spea bandia nazo ni nyingi kuliko za chapa yoyote, hasa filta, bearing na sahani za klachi.

Na usiiamini mita ya saa. Kwenye matrekta haya ya zamani mita huzungushwa na injini: ikienda taratibu, saa moja ya kazi huhesabiwa pungufu. Ikifika mwisho wa tarakimu zake inaanza sifuri, na ikifa hakuna anayeitengeneza. Tazama pedali za klachi na breki zilivyolika, mashimo ya pini za mikono ya nyuma yalivyopanuka, na usukani unavyocheza. Hivyo havipakwi rangi.

2. Ford na New Holland

Ford 5000, 6600 na 6610 ni vyuma vya kazi, pengine vigumu kuliko Massey kwenye mbuga. Zinapungua sokoni, na wengi huchukulia kwamba zilishindwa. Hapana. Ford waliuza biashara yao ya matrekta kwa Fiat mwaka 1991, jina likafutika polepole, na rangi ya buluu ikaendelea na New Holland. Chapa iliyoacha kutengenezwa lazima ipungue. Kinachoniogopesha ni spea: kwa Ford ya zamani uliza kwanza pampu ya haidroliki inapatikana wapi, kabla hujauliza bei ya trekta.

New Holland utazikuta za umri mmoja, kwa sababu nyingi ziliingia kwa mkupuo pamoja na Farmtrac wakati wa mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, kwa mkopo wa India, kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa. Kilichoingia kwa pamoja huzeeka kwa pamoja. Usilihukumu kundi zima, hukumu trekta lililo mbele yako.

3. Za India: Swaraj, Mahindra, Farmtrac, Sonalika

Ningempa Swaraj nafasi ya kwanza humu kwa urahisi wa injini yake. Farmtrac asili yake ni Ford zilizokuwa zikiundwa India na Escorts, kampuni ambayo sasa iko chini ya Kubota. Bei ya mtumba ya matrekta haya hushuka haraka kuliko ya Massey. Hiyo inamuumiza anayeuza na kumfaa anayenunua, kama atalitumia mpaka lichoke. Ukipanga kuliuza baada ya misimu miwili, rudi namba moja.

4. John Deere za mfululizo wa 5000

Trekta zuri, ila yanayouzwa ni machache na bei haishuki. Nunua likiwa na historia ya matengenezo.

5. Kubota, Iseki na Yanmar ndogo

Kwa majaruba ya mpunga pekee. Kwa pamba kwenye mbuga iliyokauka usijaribu. Modeli nyingi zilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, maandishi yake ni ya Kijapani, na spea zake hazifanani na za modeli zilizouzwa nje. Picha ya kibati mtumie muuza spea kabla hujalipa.

6. Ursus na Valmet

Valmet za Kibaha za miaka ya 1980 bado zipo zinazofanya kazi, mikononi mwa watu wanaozijua. Waachie watu hao. Ursus, zilizounganishwa Kibaha pia, zinahitaji maelezo zaidi. Ursus ya Poland iliingia kwenye ufilisi, hivyo trekta la bei ya chini hapa linabeba swali la spea. Ila Ursus walinunua leseni ya Massey miaka ya 1970, na baadhi ya modeli zao zikawa na Perkins. Fungua boneti uone injini ni ipi. Ikiwa Perkins, nusu ya hofu imeondoka. Giaboksi na haidroliki bado zina maswali yake.

Lolote utakalochagua, liwashe likiwa baridi, asubuhi, kabla mwenyewe hajalipasha moto. Funga plau, linyanyue, zima injini uone plau linashuka kwa kasi gani. Kisha lipeleke trekta shambani, usiridhike na uwanja wa dalali.

Msimu nao una neno. Juni hadi Agosti, wenye madeni wanauza. Oktoba mawingu yakianza kukusanyika juu ya ziwa, kila mtu anataka trekta na bei inapanda. Wa Sengerema siku hizi amepata nafuu: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, fundi wa mjini hasubiri tena kivuko. Wa Ukerewe bado anavuka kwa maji, na siku ya kuharibikiwa katikati ya Novemba fundi anaweza kufika kesho yake. Huyo ningemwambia achukue Massey, ambalo fundi wa kijijini analifungua, hata kama Swaraj la jirani lina saa chache zaidi.