Usiku wa 1775 karibu na Cumberland Gap: nilichopata kwa dola 240

Haya ni matembezi ya kulala porini kwenye msitu wa mtu binafsi, upande wa Virginia wa Cumberland Gap, pito la milimani huko Marekani, karibu na njia ambayo mvumbuzi wa njia Daniel Boone na wenzake wapatao 30 waliifyeka mwaka 1775 kwenda Kentucky. Mnaishi kwa vifaa vya enzi hizo. Simu zinabaki garini. Vifaa vyote wanakuazima.

Somo la moto peke yake linatosha ada. Unapewa kipande cha chuma, jiwe lenye makali na kikopo cha vitambaa vya kitani vilivyobabuliwa vikawa vyeusi. Kiongozi wetu alieleza kwamba jiwe hukwangua chembe za chuma, na chembe hizo ndizo zinazowaka. Ukishaelewa hivyo huhangaiki kupiga kwa nguvu. Unatelezesha mkono tu. Cheche ikishika kitambaa, unakifunga ndani ya nyasi kavu na kupuliza taratibu. Majani yalikuwa bado na unyevu wa mvua, na moto ukawaka.

Blanketi la sufu ni zito, lakini sufu hutunza joto hata ikiloa, na usiku ule niliamini. Chakula ni mahindi makavu ya kukaanga na nyama iliyokaushwa. Kinashibisha, mradi unywe maji ya kutosha. Viatu vya ngozi vina soli nyembamba mno. Kwenye majani yaliyoloa vinateleza, na kila kokoto unalijua.

Sasa historia. Kuhusu Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kiongozi alijitahidi: alitueleza jinsi Richard Henderson, mfanyabiashara wa ardhi, alivyofanya nao mkataba wa kununua ardhi mahali paitwapo Sycamore Shoals Machi 1775, na jinsi Dragging Canoe, kiongozi wa Kicherokee, alivyoupinga. Kuhusu watu weusi, kimya. Machi hiyohiyo kundi la Boone liliposhambuliwa usiku, miongoni mwa waliouawa alikuwa Sam, mtumwa wa William Twitty. Tukafundishwa bunduki ya gumegume, pembe ya baruti ikapita mkono kwa mkono, na Monk Estill hakutajwa. Huyu ni mtumwa aliyetengeneza baruti ya kulinda Boonesborough, ngome ya Boone huko Kentucky, kwa shura (chumvi ya kutengenezea baruti) iliyochimbwa pangoni. Mwaka 1782, baada ya mapigano, alimbeba mgongoni mwenzake aliyejeruhiwa hadi ngome ya Estill's Station, ndipo akapewa uhuru. Kwangu mimi, mwenye ngozi hii, niliyekaa pale nimeshika pembe ile, pengo hilo liliniuma sana. Nilimwambia kiongozi, naye alinisikiliza kwa heshima na kuuliza maswali mazuri.

Nawapa nyota nne. Ya tano itakuja siku somo la baruti litakapoanza na jina la Estill. Ukijiandikisha, wape saizi ya mguu mapema, na uombe blanketi la pili kama unaenda baada ya Septemba.