Mbao za paini za Mafinga: nimepaulia nyumba, haya ndo niliyoyaona

Jamani nimemaliza kupaua kwangu Kibaha, mbao zote paini ya Mafinga ila nilinunua sehemu mbili, na yaliyonikuta kule kwa kwanza yaliniuma kweli.

Awamu ya kwanza nilichukua 2x4 za futi 12 kwenye yadi moja hapa Dar, nafuu ya buku kila mbao, nikauliza ni paini gani muuzaji akasema paini ni paini tu. Fundi alivyoanza kufunga kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) ndo tukaona, mbao za dingdong hizo, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, huku nene huku nyembamba, na zilivyokaa juani wiki moja zikapinda zikajinyonga. Angalia kichwa cha mbao, zile duara za umri zimeachana sana na kitovu cha mti kipo katikati ya mbao, yani mti umekatwa mtoto. Wengi siku hizi wanavuna miaka 8 au 10, wakati shamba la serikali Sao Hill walizoea kusubiri mpaka 25. Na ule ukijani wa dawa ulikuwa wa juujuu tu, tumekata ndani nyeupeee, na paini bila dawa mchwa hawaiachi.

Awamu ya pili nikapanda basi mwenyewe mpaka Mafinga. Mzee wa yadi pale anaijua mali yake, alinishikisha aina mbili za paini, patula na elioti, moja mkono huu nyingine mkono huu. Patula ni nyepesi, inarandika vizuri, nzuri kwa makabati, fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), hata papi, zile za kupigilia bati. Elioti nzito na ina utomvu mwingi, unaganda kwenye msumeno na rangi inasumbua kushika, lakini kwa kenchi ndo yenyewe, sibadilishi. Nikachukua hivyo hivyo, elioti kenchi, patula papi, zote zimetiwa dawa kwenye mtungi wa presha, akanikatia moja nione na kijani kimezama kweli isipokuwa pale kwenye kiini, ile mbao ngumu ya ndani, nako akaniambia kabisa kiini huwa hakinywi dawa. Nauli na usafiri wa mzigo viliuma ila nyota tano nampa, kenchi zimenyooka.

Na vile vipande vinavyobaki jamani msipikie, dawa ile ina aseniki, ni sumu. Jirani yangu aliniomba za kuni nikamkatalia, nikamnunulia mkaa.