Kozi ya vitenzi vya "give up" na wenzake kwa watu wa Kireno: nimeipenda ila kuna sehemu imebugi

Nafundisha Kiingereza na wanafunzi wangu wengi wanaongea Kireno, sasa hii kozi ya mtandaoni niliilipia bila matumaini makubwa maana nyingi za aina hii, za phrasal verbs, yaani kitenzi kinachoungwa na kaneno kadogo kama up au off maana ikabadilika, ni orodha tu, unapewa get halafu get up, get off, get over, get by, unakariri usiku asubuhi vyote vimechanganyikana. Hawa wamepanga kwa mazingira, kuna somo la kazini, la safarini, na la wapenzi kugombana ambalo ndo limependwa kuliko yote, break up, make up, put up with, zote ndani ya ugomvi mmoja.

Aliyeitunga anajua tatizo liko wapi. Mtu wa Kireno sio kwamba haelewi find out, ni kwamba ana pa kukwepea, ana descobrir, tolerar, continuar, na Kiingereza kina discover, tolerate, continue, basi anachukua hizo na wala hajakosea, ila anapiga stori na rafiki yake utadhani anasoma barua ya serikali. Kozi inakupa "I cannot tolerate this noise" inakwambia iseme kama unaongea na mshkaji, mpaka itoke "I can't put up with this noise". Hilo zoezi peke yake limerudisha hela yangu.

Sauti nazo safi, wanakaza kale kaneno ka nyuma, give UP, turn it DOWN, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa walipobugi. Kutenganisha maneno wamekugusia juu juu tu, jamani! Pick up the phone sawa, pick the phone up sawa, ila ukileta it lazima ikae katikati, pick it up, ukisema pick up it umeharibu. Halafu look after haitenganishwi hata iweje, ni look after it basi. Na hapa ndo pagumu kwa hawa watu maana kwenye Kireno kiwakilishi kinaganda kwenye kitenzi, mbele au nyuma, hakuna kaneno kengine ka kuhangaika nako. Mazoezi ya hii sehemu nimetunga mwenyewe.

Na utangulizi wao eti Kireno hakina kitu cha hivi. Hakina wapi? Brazil wanasema jogar fora, Ureno deitar fora, yaani throw away hiyo hapo karibu neno kwa neno, bado acabar com, yaani kukomesha kitu, bado acabar por ambayo ni end up kabisa. Mimi siku hizi naanzia hapo na woga unapungua.

Kama ndo unaanza Kiingereza usinunue, maelezo yanakimbia sana. Ila kama unasoma na kuelewa vizuri halafu ukifungua mdomo yanatoka yale maneno marefu marefu tu, chukua, ruka utangulizi, na utafute mtu wa kukusahihisha kwenye it.