Flashi ya kuokolea kompyuta: nunua ipi, na ipi uiache hukohuko dukani

Jamani, mwezi uliopita laptopu ya stesheneri yangu ilikufa SSD, ile diski ya ndani inayotunza kila kitu. Mauzo yote yamo humo, kazi za wanafunzi zimo humo, na mimi wala sikuhangaika maana nilijiona nimejipanga. Nilikuwa na flashi ya 64GB niliyoinunua Kariakoo kwa 15,000, nikaigawa mafungu mawili, fungu moja la kubuti, yaani la kuwashia kompyuta kutoka kwenye flashi, lingine la bakapu yenyewe (nakala ya kila kitu) ya 31GB. SSD mpya ikafungwa, flashi nikachomeka, ikabuti vizuri kabisa, bakapu ikaonekana na tarehe yake na ukubwa wake, nikabonyeza kurudisha nikaenda kunywa chai.

Narudi, imegoma asilimia 19. Narudia, 19. Nahamisha tundu la USB, 19 ileile. Nikamwita fundi, akatazama dakika mbili akasema SSD mpya ndiyo mbovu, ila yeye anayo nzuri. Haya.

Kumbe flashi. Ile "64GB" ndani ina 7GB na chenji, basi. Ndiyo maana nawaandikia, na ndiyo maana sitawaambia habari za spidi wala rangi wala USB 3 nukta ngapi, hizo mtazisoma kwenye boksi. Mimi nina swali moja tu kwa flashi yoyote sasa hivi: ukubwa wako ni wa kweli?

Uongo wenyewe unafanywa hivi. Ndani ya flashi kuna chipu ndogo inayoiambia kompyuta "mimi nina nafasi kiasi hiki", na hiyo chipu inaweza kuandikwa upya iseme chochote. Windows inaamini, haina sababu ya kutoamini. Ukijaza vitu mpaka 7GB kila kitu kinakaa salama, kuanzia hapo data inatupwa hewani au inakwenda kufuta ya mwanzo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Jina la faili lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu. Kwenye flashi ya miziki ungegundua mapema, wimbo haupigi. Flashi ya bakapu unaiweka kabatini mwaka mzima na siku unayoigundua ndiyo siku unayoihitaji.

Kabla hujalaumu flashi lakini, angalia imekwama wapi. Ikiwa haibuti kabisa, mara nyingi flashi haina kosa: unapowasha kompyuta bonyeza F12 kwenye Dell au Lenovo, F9 kwenye HP, uichague kwa mkono, na kama bado inagoma angalia Secure Boot (ulinzi unaozuia kubuti kitu kisichotambulika) kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, na angalia fungu la kubuti limefomatiwa kwa FAT32 maana kompyuta nyingi za UEFI (BIOS ya kisasa) zinataka hiyo. Ikiwa imebuti ila haioni diski ya ndani, na laptopu yako ni Intel ya kizazi cha 11 kuja juu, basi mara nyingi ni mambo ya VMD, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, inabidi uweke draiva ya Intel RST (programu ya kuitambulisha diski) kwenye hiyo flashi, na hapa mafundi wamekula hela za watu sana kwa kuwauzia SSD wakati nzima ipo. Ikiwa kila kitu kinaonekana halafu inakatika katikati, tena palepale kila ukirudia, ndipo ushuku flashi.

Haya, tununue.

Ya kwanza kwangu ni Transcend JetFlash 790, na sifichi, mimi ni mtu wa Transcend. Kichwa chake kinasukumwa ndani na nje kwa kidole, hakina kifuniko cha kupotea, na nimepima tatu mpaka sasa zote zimetoka safi. Nadhani pia wenye kutengeneza feki wanakimbilia zaidi majina yanayotoka haraka, SanDisk na Kingston, hii wanaisahau. Shida ni bei. Duka la kwanza waliniambia 25,000, hatua kumi mbele 40,000, kitu kilekile, boksi lilelile, nadhani huyu wa pili aliangalia kitenge nilichovaa.

Ya pili siyo flashi, ni SSD ya zamani uliyoitoa kwenye laptopu, unaiweka kwenye kasha la USB. Usimwachie fundi ile 128GB yako akisema haina kazi, ina kazi. Hii inafaa kama unataka kuokolea na bakapu viwe pamoja kama nilivyotaka mimi. Ila Rufus, ile programu ya kutengenezea flashi ya kubuti, haitaionyesha kwenye orodha mpaka uingie kwenye mipangilio ya ziada uiruhusu ionyeshe diski za USB, usije ukadhani imekufa.

Ya tatu Kingston Exodia. Nzuri, ina kifuniko cha plastiki ambacho wiki ya pili hujui kilipo. SanDisk Ultra naiweka hapahapa, siyo kwamba ni mbaya, ni kwamba mtaani huwezi kujua unauziwa ipi.

Hizi za 10,000 zisizo na jina, au zenye jina lililokosewa herufi moja, mpeni mtoto awekee katuni.

Na msinunue kubwa bila sababu. Flashi ya kubuti peke yake 8GB inatosha, ile ya kurejesha Windows yenyewe ikiwa na faili zote za mfumo inataka angalau 16GB. Bakapu iweke kwenye diski ya nje (hard disk). Mimi ubahili wa kutaka kitu kimoja kifanye yote umenigharimu mauzo ya miezi mitatu, maana nakala nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani.

Kupima ni bure. Kuna programu inaitwa H2testw, ya Wajerumani, inafunguka kwa Kijerumani chake ukibonyeza English inakaa sawa. Flashi iwe tupu, inaijaza yote halafu inasoma tena ilichoandika. Ya kwangu iliandika nyekundu DATA LOST, na chini yake GB hamsini na kitu. Kwa Linux na Mac ipo F3. Usishtuke 64GB ya halali ikionyesha 58 au 59, huo ni mahesabu ya Windows tu.

Niliirudisha ile flashi dukani nikiwa na picha ya matokeo. Kijana hakuangalia hata simu, alinyoosha kidole ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Risiti? Nilipewa kikaratasi cha mkono, imeandikwa "flash 1". Yaani ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inapanda, usipodai huna ushahidi, na wao wanalijua hilo kuliko wewe.

Sasa hivi naenda na laptopu begani. Juzi nimeingia duka jingine, nikachagua JetFlash, nikamwambia kaka nalipa baada ya kuipima hapahapa. Akauliza inachukua muda gani. Nikamwambia kama saa mbili, ikiwa ya polepole hata tatu. Akanitazama, akavuta kiti cha plastiki, akapangusa vumbi, akaniambia karibu dada.