Bastola ya Shujaa Wako: Uliza Risasi Kwanza

Miswada ninayoletewa siku hizi imejaa mashujaa wa kuzunguka dunia, na karibu kila mmoja ana Desert Eagle kiunoni. Jamani, ile bastola ina uzito wa karibu kilo 2! Mtu katoka Kampala kwa basi, kavuka Mpondwe kwa miguu, kadandia lori la kwenda Beni: chuma chote hicho kakificha wapi, ndani ya fulana?

Ya nguvu na umbo siyasemi, mmeshayatazama kwenye filamu. Swali langu ni moja: risasi zikimwishia Bukavu, kisha Beirut, kisha Lima, atapata wapi nyingine?

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Browning Hi-Power, na sibembelezi mtu. Inakula milimita 9 Parabellum, risasi iliyosambaa kuliko zote za bastola, na magazini yake inabeba 13. John Browning alifariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, Dieudonné Saive akaimalizia, ikatoka 1935 kule Herstal, Ubelgiji. Wajerumani walipoikalia nchi hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia waliendelea kuitengeneza, huku kiwanda kimoja cha Toronto kikiwatengenezea maadui zao. Kwa hiyo shujaa wako anaweza kuikuta mikononi mwa yeyote, na msomaji asishangae. Tena ukichomoa magazini haifyatuki, hata kama risasi imebaki chemba. Hapo pana sura nzima ya hadithi, ichukueni bure.

Ya pili ni Glock 17, kwa hadithi za kuanzia miaka ya 1980. Risasi ni zilezile, ila inabeba 17. Lakini ole wenu mkiandika "akafungua komeo la usalama kwa kidole gumba". Komeo hilo haina!

Makarov, bastola ya Kisovieti, inawaponza wengi. Nayo huitwa milimita 9, mwandishi anaona mambo yamekwisha, shujaa anaazima risasi kwa rafiki mwenye Browning. Haziingiliani. Ya Makarov ni fupi kidogo na nene kidogo, na hapo shujaa amekwisha.

Webley .455, bastola ya Kiingereza yenye risasi za inchi .455, ni nzuri machoni na inawafaa maofisa wa enzi za King's African Rifles, lakini Waingereza wenyewe walihamia .38 miaka ya 1930. Leo risasi zake atamwomba nani?

Tokarev, ile bastola nyingine ya Kisovieti? Mpe jambazi wa sura ya tatu.

Wanaopiga filamu wanatafuta bandia, na huko ndiko kuna wizi. Muuzaji mmoja mjini alinitajia bei ya kawaida. Nilipotamka neno "filamu" tu, ikawa maradufu, kwa plastiki ileile ambayo rangi inabanduka ukiishika na jasho. Ukitaka ya chuma anadai amana, risiti hana. Na polisi waarifuni kabla hamjatoka nayo barabarani, maana muuzaji hatawaambia.