Dalali wa barazani Kisauni: nilimlipa nusu ya kodi, nikapata nyumba ya 7,500

Mombasa, ukitaja dalali mbele ya mtu anayetafuta nyumba, anashika mkoba. Mimi nimemtumia mmoja na sijuti, ingawa kuna jambo alilonificha na nitalisema. Naandika kwa sababu watu hawaishi kuniuliza nimepataje chumba chenye choo na jiko ndani kwa shilingi 7,500, matatu moja tu kutoka mjini, na maji yamo ndani ya kodi. Sikukipata mimi. Alikipata mzee wa makamo anayeshinda kwenye baraza Kisauni, upande wa kaskazini ng'ambo ya kisiwa, na nataka kuieleza kazi yake ilivyo ili mtu ajue pesa yake inanunua nini.

Mimi ni mtu wa Voi. Nafanya hesabu katika ofisi moja kisiwani, na kwa shangazi yangu Changamwe nilikokuwa nimejibanza tulikuwa tumeshaanza kuoneana haya. Kodi niliyoweza kuilipa bila kukopa ni 8,000. Kwa pesa hiyo Tudor na Ganjoni utaoneshwa geti. Kizingo hata sikuuliza. Majengo na Mji wa Kale vyumba vya bei hiyo vipo, lakini vingi ni vya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani mnashirikiana. Kwa aliyezoea ni maisha mazuri, hukosi wa kukuonjesha mchuzi. Mimi nilitaka choo changu.

Kabla ya mzee nilipita mtandaoni kama kila mtu. Facebook imejaa matangazo ya vyumba vya Bamburi na Bombolulu vilivyopigwa picha kutoka pembeni hadi chumba cha futi kumi kikaonekana uwanja wa Tononoka. Ukipiga simu unaambiwa kwanza utume ada ya kutazama, shilingi 500 mpaka 1,000, na hairudi. Nilimsindikiza mwenzangu wa ofisini aliyekuwa ameshaituma. Tulikuta kundi la watu mlangoni, kila mmoja na ujumbe wake wa M-Pesa mkononi, chumba ni kimoja, na kertekaa, mtunza nyumba, anasema kilichukuliwa juzi. Sitaki kuwatukana vijana wote wa biashara hiyo, wapo waaminifu. Lakini mtu anayelipwa kwa kuonesha ana haraka gani chumba kichukuliwe? Kikikaa wazi miezi miwili kinamlisha vizuri zaidi.

Mzee wa baraza masharti yake ni mengine. Hachukui hata senti mpaka ufunguo uwe mkononi mwako. Ukishaupata, unampa nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Nauli ya tuktuk mkizunguka ni juu yako, na akipata kiu ni juu yako vilevile. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza:

"Wataka nyumba ya pesa ngapi, mwanangu?"

"Elfu nane, mzee, isizidi."

"Elfu nane hiyo ni ya nyumba peke yake, au ni ya nyumba na maji na nauli?"

Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote. Alichukua kipande cha chaki, mali ya wacheza bao, akaandika pale pale kwenye saruji. Chumba cha Mtwapa nilichokuwa nimekikodolea macho kilikuwa 5,500. Nauli asubuhi 100, jioni 100, siku 26 za kazi: 5,200. Jumla 10,700, na hapo hujanunua maji. Tena Mtwapa ni kaunti ya Kilifi, na barabara hiyo wakati huo ilikuwa ikipanuliwa, kwa hivyo jemu unaipata ukitaka usitake. Chumba cha 7,500 huku Kisauni, nauli 50 kwenda na 50 kurudi, ni 10,100. Tofauti ya 600 si kitu, ila ukiweka na saa unazolala badala ya kukaa ndani ya matatu, hesabu inageuka.

Likoni aliipitia haraka. Nyumba ni nafuu kweli na feri kwa anayetembea ni bure. "Lakini wewe waingia kazini saa mbili," akasema, na mwenye kuijua feri ya asubuhi hahitaji maelezo zaidi. Barabara ya Dongo Kundu iliyounganisha Miritini na upande wa Kwale inawafaa wenye magari na malori. Mimi ninayeshuka Mwembe Tayari, kisiwani, hainipunguzii kitu. Magongo na Mikindani alikubali kwamba kuna vyumba vizuri, ila yeye si mtu wa huko na hawezi kunidhaminia. Nilipenda jibu hilo.

Basi tukazunguka Kisauni: Mtopanga, Mlaleo, Mishomoroni. Na hapa ndipo nilipoona kwa nini analipwa.

Mombasa ni mji uliozungukwa na maji lakini hauna ya kunywa ya kwake. Ya mfereji yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Bomba la Mzima linapita kwetu Voi, na hayatoshi kote, kwa hivyo ni mgao. Kila nyumba ya kupangisha itakuambia "maji yapo." Mzee hakumuuliza mwenye nyumba hata mmoja habari ya maji. Aliingia uani, akawasalimia wanawake waliokuwa wakifua, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kama jirani wa siku zote, na baada ya dakika chache tulijua mfereji unatoka siku gani na saa ngapi za usiku, na nani amegombana na kertekaa kwa sababu ya pampu. Kisha akatazama juu ya paa. Nyumba moja ya orofa tatu, ina vyumba zaidi ya ishirini, ilikuwa na tangi moja jeusi. "Hili la kupigia picha," akasema, tukatoka.

Kisima pia si kisima tu. Vingi vya huku vina chumvi: sabuni haitoi povu, mfereji wa chuma unaliwa na kutu, na nguo nyeupe baada ya muda zinageuka rangi ya chai. Mzee alikinga kiganja, akayaonja, akatema. Kama maji ya kisima ni ya kuogea tu na ya kunywa unanunua kwa mkokoteni, mitungi minne ya lita 20 kwa siku kwa shilingi 20 kila mmoja ni 2,400 kwa mwezi. Hiyo ni kodi nyingine ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote.

Jambo la pili ni upepo. Watu wa bara tukija Mombasa tunauliza kama kuna feni. Yeye alifungua madirisha. Dirisha linalotazama mashariki linapata kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka na linapata kusi masika yakiingia. Linalotazama magharibi linapata jua la alasiri, na ukuta wa tofali za saruji unalihifadhi joto hilo mpaka usiku wa manane. Tuliona chumba cha 6,500 orofa ya juu kabisa, kizuri, kimepakwa rangi mpya, chini ya bati, dirisha moja, magharibi. Nilikuwa nishaanza kukipenda. "Mwezi wa pili utalala kwenye ngazi," akaniambia. Nilimuuliza mpangaji wa jirani akacheka, akasema yeye hulala kwenye veranda.

La tatu ndilo sikulijua kabisa. Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Ardhi ni ya mtu mwingine, pengine familia ambayo haijaonekana mtaani kwa miaka, na mwenye nyumba anailipia kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba bila ardhi, ndivyo wanavyoziita. Siku kiwanja kikiuzwa, mwenye nyumba anaambiwa abomoe, na mpangaji hana hata wa kumlalamikia. Kuna chumba kizuri cha 6,000 mzee alinipitisha mbele yake bila kusimama. Nilipomuuliza alisema, "Nyumba ni yake, mchanga si wake. Na wenye mchanga wameanza kuja na wapimaji." Habari hiyo huipati kwenye simu. Unaipata kwa mtu aliyekaa baraza moja miaka thelathini.

Niliyoipata iko Mlaleo, orofa ya kwanza, dirisha la mashariki. Mwenyewe ni bi mkubwa anayeishi chini. Alinihoji kama anaposwa mwanawe: natoka wapi, nasali wapi, mume yuko wapi, nitaleta wageni wa namna gani. Geti linafungwa saa nne usiku. Wengine watayaona hayo kuwa ni kuingiliwa. Mimi niliyaona ni askari wa bure. Mfereji unatoka usiku mara mbili tatu kwa wiki, matangi ni manne, na kisima chake chumvi si kali. Stima kila mtu na mita yake, unanunua tokeni unazoweza. Nililipa kodi 7,500, amana 7,500, na mzee 3,750. Jumla 18,750, kwa hivyo anayekuja na 10,000 mfukoni akidhani anahamia, ajipange. Mkataba ni karatasi moja ya mkono, na kila mwezi Bi ananiandikia risiti. Nilimwomba aandike pia kwamba amana inarudi na ndani ya muda gani. Alishangaa kidogo lakini akaandika.

Risiti nazing'ang'ania kwa sababu sheria haitusaidii sana. Ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutieni chumba cha 2,500 chenye choo ndani Mombasa ya leo. Na huku nyuma asilimia 1.5 ya mshahara wangu inakatwa kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu tangu sheria ya 2024. Nimejiandikisha Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizo, naendelea kutazama. Hadi hapo atakapotokea mtu na ufunguo, tozo hiyo kwangu ni mitungi ya maji ambayo sikuinunua.

Sasa lile alilonificha. Alinileta kuiona nyumba Jumapili. Mtaa umetulia, kuku wanasikika. Jumatatu nilipohamia nikagundua kwamba nyuma ya ukuta kuna karakana ya kuchomelea magrili na madirisha, na kuanzia saa mbili asubuhi mashine ya kusaga chuma inalia. Siku za kazi hainigusi, niko mjini. Jumamosi ndiyo kiama changu. Nilimwendea barazani nikiwa nimekunja uso.

"Mzee, karakana hukuniambia."

"Mwanangu, hukuniuliza makelele. Waniuliza maji."

Nimejua pia kwamba Bi naye alimpa kitu kidogo kwa kumletea mpangaji. Analipwa pande mbili. Hilo si siri kwao, ila mimi hakuna aliyenieleza, na ni vyema ujue kwamba sifa za nyumba anazokupa huenda zimelipiwa. Ubaya mwingine ni kwamba hana simu ya maana, akienda matangani hapatikani siku nzima, na anayetaka nyumba kwa haraka ataudhika naye. Na eneo lake ni dogo. Ukitaka Nyali au Bamburi upande wa ufuo, mzee huyu hakufai. Huko wenye nyumba wengi wamehamia kwenye kukodisha kwa siku kupitia Airbnb, na Desemba watalii wa kutoka Nairobi wakishuka, mpangaji wa mwezi si mtu.

Kwa nyota ningempa nne kati ya tano. Ile moja nimeiacha kwa ajili ya karakana.

Mwisho wa mwaka Bi alitangaza kuongeza 500 kuanzia Januari, akitaja ushuru. Nilikereka, nikapita barazani. Mzee alikuwa na chumba cha 6,000 Utange, kipya, dirisha la mashariki, hakuna karakana, nilihakikisha nimeuliza. Maji ni ya mkokoteni. Nauli ya matatu 80 kila upande. Safari hii chaki niliishika mimi: kodi, maji na nauli, Utange ilifika 12,560, kwa Bi 10,600. Mzee alizitazama tarakimu, akasema nyumba ya Utange atampelekea kijana mmoja anayefanya kazi Shanzu. Nikaenda kumlipa Bi kodi ya Januari.